Boneti haijafungika: Junior nyeupe au GTV ya manjano?

Shikamoo Mzee Kabureta,

Mimi ni mtu wa Malindi, niko huku Brescia tangu 2001, naendesha forklifti kwenye stoo moja ya vyuma, umri 46, mke mmoja watoto watatu. Nakusoma sana ila sijawahi kuandika manake gari yangu ni Punto na Punto haina maswali. Sasa yamenifika.

Nianze nyuma kidogo ndio utanielewa. Marehemu baba alikuwa akifanya kazi kwa Muitaliano mmoja, injinia, mmoja wa wale waliokuja kwa mambo ya setilaiti pale Ngomeni, San Marco, akanogewa na bahari asirudi kwao tena. Sebuleni kwake kulikuwa na picha kubwa ukutani, yeye mwenyewe kijana, miwani ya jua, ameegemea gari ndogo nyeupe, nyuma ziwa. Baba alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi na kila asubuhi neno ni lile lile, "hii gari boneti lake halijafungika vizuri, na huyu bwana hana habari." Mimi wakati wa likizo namfuata kazini, nakaa pale sakafuni naitazama. Kujua kwamba ni Alfa Romeo nilijua niko huku tayari. Niko kituo cha mafuta ikaingia moja, nikaangalia pua yake, boneti halijafungika! Nilikaribia kumwambia mwenyewe. Siku ile sikulala Mzee.

Sasa nimeweka akiba kidogo kidogo miaka 14, imefika euro 38,000, na nimepata gari mbili, zote Alfa.

Ya kwanza ni GT 1300 Junior ya 1968, nyeupe, ile yenyewe ya boneti, Waitaliano wanaita scalino, kingazi. Taa mbili mbele. Bado ina zile namba nyeusi za kizamani zimeandikwa BS, yaani Brescia. Mwenyewe alikuwa mzee, amefariki, anayeuza ni mpwa wake, anataka 31,000. Nimeiendesha mpaka ule mlima wa Lumezzane, ilivyovuta sikuamini kama ni 1300. Mpwa akasema ni vile mjomba alivyokuwa akiitunza. Kazini kuna Mtanzania mmoja ni mjuzi wa magari, aliniambia niandike namba, basi nikaandika: kwenye kibati imeandikwa 105.30, na kwenye injini nimeona AR 00512 halafu inafuata namba nyingine. Mpwa akasema hiyo ni kawaida. Gereji yenyewe imejaa takataka, kuna mpaka injini nyingine kuukuu chini ya turubai, akaniuliza kama namjua mtu wa vyuma chakavu.

Ya pili ni 2000 GTV ya 1973, rangi giallo ocra, manjano ya haradali hivi, taa nne, iko Bergamo kwa mfanyabiashara wa magari, anataka 43,000. Anasema imefanyiwa restauro kamili, yaani imefufuliwa yote, miaka mitatu iliyopita na inang'aa mpaka unajiona. Ndani ni nzuri kuliko ile nyeupe, mbali sana. Kitu kimoja tu, mlango wa dereva lazima uuinue kidogo ndio ufunge, kasema ni raba mpya hazijakaa sawa.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 19 anasema GTV, ile nyingine ya wazee. Mtanzania anasema chukua yoyote, bei zake zinapanda tu, miaka mitano unauza mara mbili. Mke wangu anasema, namnukuu, "unataka kununua gari iliyozaliwa kabla yako, na hiyo yetu inaomba tairi," halafu ananikumbusha nyumba ya Malindi imeishia lenta tangu mwaka juzi.

Nisaidie. Tofauti ya hizi gari hasa ni nini, manake ukiziangalia ni gari moja. Ipi ndio ya kuweka? Nikistaafu naweza kwenda nayo Malindi? Na zile mbio za Mille Miglia, kila mwaka naenda kuziangalia pale Viale Venezia, naweza kuingia nayo?

Mwana wa Malindi

*

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama, kwa sababu kuna sentensi humo imenitoa kwenye kiti. Ntaifikia. Kwanza tumrehemu baba yako, alikuwa na jicho la fundi na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Lile boneti limefungika. Ndivyo lilivyochorwa. Gari hii ilitoka mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Frankfurt mwaka 1963, ikiitwa Giulia Sprint GT, na aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, akifanya kazi kwa Bertone, kijana hajafika miaka 25. Ukingo wa mbele wa boneti umekaa juu kidogo ya pua, unabaki mwanya mwembamba kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu akaghairi. Mwaka 1968 ndugu yake mkubwa 1750 GTV alipoingia sokoni akaja na pua laini, taa nne, kingazi hakuna. Junior ikaendelea nacho mpaka 1970 nayo ikalainishwa. Kwa hiyo picha ya bwana yule wa Ngomeni kama ina kingazi na taa mbili, ni ya kizazi cha kwanza, na wewe unachokitafuta si "Alfa," unatafuta ile. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Umesema ni gari moja, na hujakosea sana. Milango, paa, vioo, urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma (sentimita 235), gia tano, breki za diski zote nne, ekseli ngumu ya nyuma na springi zake, ni familia moja, mafundi tunaiita familia ya 105. Kuna watu wana gari kubwa za pesa nyingi za miaka ile ile zina gia nne tu, na hii Junior ya vijana ina tano. Hata injini ni damu moja, alumini, kemshafti mbili juu, na kabureta mbili pembeni ambazo ndizo zilizonipa mimi jina.

Zinapoachana ni hapa. Junior ilianza 1966 ili kijana mwenye mshahara wa kawaida naye apate ile bodi, wakatia injini ndogo, sisi (cc) 1290, pistoni ya upana wa milimita 74 na mwendo wake wa kupanda na kushuka 75, karibu mraba, nguvu farasi 89. Injini ya namna hiyo haipendi uvivu. Ukiiendesha chini chini inanuna, ukiipandisha inaimba, na lazima uwe na mkono kwenye gia muda wote, ndio raha yake. 2000 GTV ilikuja 1971, sisi 1962, pistoni ya 84 na mwendo mrefu wa 88.5, farasi 132, yaani unatia ya tatu unasahau. Inapita 190 kwa saa, Junior itakufikisha 170 na kitu ikiwa na upepo mzuri na wewe umekonda. Ndani GTV imevaa suti, saa zote ziko mbele ya dereva, viti vimekushika. Junior ndani ni kama chumba cha mwanafunzi. Safari ya Brescia mpaka Roma na mke, nakupa GTV. Jumapili asubuhi kuzunguka ziwa Iseo peke yako, nakupa Junior na usirudi mapema.

Sasa ile sentensi. "AR 00512."

Mdogo wangu, hiyo namba si ya Junior. 00512 ndiyo iliyogongwa kwenye injini za 2000. Kibati chako cha 105.30 ni cha GT 1300 Junior, sawa kabisa, bodi ni ya haki, lakini mle ndani mjomba mtu alitoa moyo akatia moyo wa kaka mkubwa. Wala si ajabu, kwa kuwa ni familia moja zinaingia, na watu wengi walifanya hivyo, miaka ile ilikuwa gari ya zamani tu, si ya kukusanya. Ndio maana mlima wa Lumezzane ulikuwa tambarare. Na difu ya Junior, yale meno ya ekseli ya nyuma, ni fupi kuliko ya GTV, ukitia injini ya 2000 juu yake inaruka kama mbuzi. Mpwa anasema ni matunzo! Hajui au anajua, mimi sijui, na si lazima umchukie, lakini anakuuzia Junior asilia kwa 31,000 na hiyo aliyonayo ni nusu Junior nusu GTV.

Kwa mtu wa kuendesha tu, ni gari tamu pengine kuliko zote mbili. Kwa mkusanyaji ni tatizo, na ngoja nikwambie kwa nini, manake watu wanadhani wakusanyaji ni wendawazimu wa namba. Junior za 1300 zilitengenezwa zaidi ya 90,000. GTV za 2000 zaidi ya 37,000. Hakuna hata moja ambayo ni adimu. Adimu katika ukoo huu ni GTA ya 1965, ile ya bati la alumini, 500 tu, na hiyo mimi na wewe tutaiona makumbusho. Hizi zetu zikiwa nyingi hivyo, kinachofanya moja iwe na thamani kuliko jirani yake ni kwamba imebaki vile ilivyotoka kiwandani: injini yake, rangi yake, karatasi zake. Ukishaondoa injini umeondoa nusu ya sababu. Halafu kuna la karatasi, na hili ni la leo si la mnada: libretto, ile kadi ya gari, inasema gari ni ya sisi 1290, injini ni ya 1962. Siku fundi wa revisione, ule ukaguzi wa gari, akiinama kusoma, au Mungu apishe mbali ugonge mtu na bima watume mtu wao, utaeleza mpaka ulimi ukauke.

Na hapa ndipo niliposimama. "Injini nyingine kuukuu chini ya turubai."

Nani anaweka injini miaka arobaini gereji bila sababu? Mzee aliyeitoa ndiye aliyeiweka, alijua siku moja mtu ataiulizia. Mimi napiga ramli hiyo ndiyo 1300 yake ya kuzaliwa nayo, na huyu kijana anamtafutia mtu wa vyuma chakavu. Nenda kesho, usingoje Jumamosi. Chukua tochi, brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua pale kwenye bloku penye namba mpaka isomeke, piga picha, linganisha na aina ya injini iliyoandikwa kwenye libretto. Kisha namba ya chesisi waandikie makumbusho ya Alfa pale Arese, nje ya Milano, wanazo kumbukumbu za kiwanda, watakwambia gari ilitengenezwa tarehe ngapi na ilitoka na rangi gani. Nyeupe inaweza ikawa nyeupe ya juzi pia. Na ACI, klabu ya magari ya Italia, waombe historia ya gari kwenye lile daftari la umma, PRA, uone wamiliki wote tangu wa kwanza. Zile namba nyeusi za BS ni ishara nzuri, kwa sababu zamani gari ikiandikishwa mkoa mwingine inabadilishiwa namba, kwa hiyo yako inaelekea imezeekea hapo hapo Brescia. Ni ishara nzuri kwa karatasi, kwa bati ni nusu kwa nusu, Brescia wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani na chumvi haina urafiki na Alfa.

Tuingie kwenye bati basi, tuanze na ile ya manjano.

Mlango unaoinuliwa ndio ufunge si raba. Nimelala chini ya hizi gari zaidi ya miaka thelathini, raba mpya inakufanya uusukume mlango kwa nguvu, haikufanyi uuinue. Mlango unaoinuliwa ni ama bawaba zimekwisha, hilo ni dogo, ama gari limelegea katikati. Hizi gari hazina chesisi ya chini kama lori, bodi yenyewe ndiyo chesisi, na kinachoishikilia ni zile boriti za bati chini ya milango, zina bati tabaka tabaka, la nje, la katikati, la ndani. Maji yakiingia yanakaa humo humo yanakula kutoka ndani kuja nje, na muuzaji anayetaka kung'arisha anafunika la nje tu, anapaka fila ya kuzibia mashimo, anapiga rangi, unajiona uso. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili huku nilinunua Junior nyekundu kama kidonda, nikaikata boriti ya kushoto nikakuta gazeti. Gazeti limekunjwa vizuri, limepakwa fila juu, na habari za mpira bado zinasomeka. Nilikaa chini nikasoma matokeo yote.

Kwa hiyo ukirudi Bergamo beba sumaku ndogo ile ya friji, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze, ipitishe taratibu chini ya mlango, kwenye matao ya tairi, chini ya kioo cha mbele, na kona za chini za milango. Inaposhika vizuri halafu ghafla inateleza, hapo hakuna bati. Halafu mwambie akupigie jeki pale pale mahali pa jeki, tairi ziachane na ardhi, ufungue mlango ule na uufunge. Kama ulikuwa unahitaji kuinuliwa na sasa haufungi kabisa, au upenyo umebadilika, toka nje, mshukuru kwa kahawa, nenda kwenu. Kama atakataa kupiga jeki pale, umeshajibiwa. Kwenye buti toa zulia na tairi la akiba utazame lile shimo lake. Muulize pia picha za restauro. Mtu aliyelipia kuchomelea boriti zote mbili amepiga picha mia mbili, anakuonyesha kabla hujauliza, anakuonyesha mpaka unachoka. Huyo hajakuonyesha hata moja.

Injini za zote mbili nitapita haraka kwa sababu injini inatengenezeka, bati ndilo linalofilisi watu. Tizama kifuniko cha mafuta ya injini na maji ya rejeta, ukikuta kitu cheupe kama mayonezi, gasketi ya silinda hedi inapitisha, ni ugonjwa wao wa ukoo. Gia, iendeshe asubuhi ikiwa baridi, toka ya tatu rudi ya pili kwa haraka kidogo, ikilia ndio hivyo, ya pili ndiyo inayotangulia kufa siku zote. Raba zinazoshikilia kabureta hupasuka, gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama na watu wanabadilisha plagi mwaka mzima bure. Muombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti lina joto, jiulize kwa nini.

Nikijibu swali lako la ipi, nakujibu kwa bei hizo usichukue hata moja. GTV ya 43,000 yenye mlango wa kuinuliwa huna hizo pesa kwanza, una 38, utakopa 5 halafu utakuta gazeti. Gari zuri la aina hiyo lina haki ya kuwa ghali kuliko Junior, sibishi, lakini hilo hujalithibitisha na muuzaji hakusaidii.

Junior ndiyo ya kufuatilia, kwa masharti. Ikiwa sumaku inashika, na ikiwa ile ya turubai ndiyo injini yake, mpe mpwa 26,000 kwa gari na injini zote mbili, panda mpaka 27 kwa sababu ya zile namba nyeusi, simama hapo. Kama ya turubai si yake, au ameshaipeleka chakavu, mimi nisingevuka 23. Mwonyeshe kwa upole tofauti ya libretto na injini, usimwite mwizi, mwambie tu mnunuzi yeyote anayejua ataliona hilo hilo, na asiyejua hatatoa 31.

Ukiipata, toa ile 2000 mapema, uirudishe 1300 ikishafanyiwa kazi. Najua utaniona mchawi, umeonja mlima wa Lumezzane halafu nakwambia urudi kwenye farasi 89. Lakini sikiliza hesabu: injini ya 00512 ikiwa nzima ina soko, inatafutwa na hao hao wanaotaka kuitia kwenye Junior zao, na pesa utakayoiuza italipa sehemu kubwa ya kuifufua ile ndogo. Mwisho unabaki na scalino ya 1968 yenye injini yake, karatasi zake na namba zake nyeusi za mkoa. Hiyo ndiyo ya kuweka. Bollo, kodi ya gari, hulipi kama gari ya kawaida kwa sababu imepita miaka 30, ni kiasi kidogo tu ukiitembeza barabarani, na bima ya gari za kihistoria ni nafuu ukiwa na cheti cha ASI, chama cha gari za kihistoria.

Mtanzania wako msalimie, kuhusu namba amekusaidia kuliko mtu yeyote, kuhusu mara mbili kwa miaka mitano amekudanganya bila kukusudia. Bei za scalino zilipanda kweli, ndio maana unaambiwa 31 kwa gari ambalo zamani lilikuwa la mwanafunzi. Lakini waliozipandisha ni watu waliokuwa vijana wakati ule, na hao wanazeeka, na mwanao wa miaka 19 ameshakwambia ile ni ya wazee. Nunua kwa hesabu kwamba pesa imelala, inaweza ikaamka, inaweza isiamke.

Malindi sasa. Usihesabu. Kenya gari iliyotumika ikizidi miaka 8 haiingii, na stelingi yako iko kushoto. Ukistaafu ukawa na hamu, Alfa za stelingi ya kulia ziko Nairobi tangu zamani, na wenye klabu yao ya Alfa Romeo ndio wanaoandaa yale maonyesho ya gari nzuri pale uwanja wa farasi wa Ngong. Nenda kaangalie, utakutana na wazee wenye pamba masikioni kwa ajili ya ekzosi zao wenyewe.

Mille Miglia, hapana. Ile inakubali aina za gari zilizokuwepo mpaka 1957, mwaka mbio zenyewe zilipofungwa, na zako zote mbili hazikuwa zimezaliwa. Endelea kusimama Viale Venezia, ila safari hii ukija na Junior utapata pa kuegesha kwa heshima, na wazee watakufuata wewe badala ya kuangalia mbio. Alfa ndiyo iliyoshinda mbio zile mara nyingi kuliko wote, mara 11, wanaipenda hata ikiwa imezimwa.

Shemeji yangu ana haki kuhusu tairi za Punto, hizo nunua wiki hii, usinibishie. Kuhusu lenta sitaingilia nyumba ya watu, lakini ukiipata Junior kwa 27 inabaki 11. Tenga 5 za kufufua injini, zile zitakazorudi ukiuza ile kubwa usizihesabu bado. Zinazobaki mpe mwenyewe mkononi, mbele ya watoto, uone kama swali la gari litaulizwa tena kwa sauti ile. Na mwambie habari ya picha ya baba. Kwenye barua umenisimulia mimi vizuri sana, sidhani kama yeye umemsimulia, manake mwanamke aliyesikia ile ya boneti hasemi "gari iliyozaliwa kabla yako."

Basi funga hii simu uende. Tochi, brashi ya waya, mafuta ya taa. Ukifika usikimbilie turubai, zunguka gari kwanza, uliza habari za marehemu mjomba, omba maji ya kunywa, ndio uulize kwa kupitia, "na hii nyingine hapa chini, hii ya nini?" Ikiwa namba imesomeka nitumie picha usiku huo huo, silali mapema.

Mzee Kabureta